Mpimaji wa Darajani

Mwanamke huyu alinifungia mizani siku ya kwanza tuliyoonana, na mpaka leo sijaamua kama nimemsamehe. Naanzia hapo kwa sababu mambo ya kuzaliwa kwake, baba yake nani, ukoo gani, siyajui na sikumwuliza. Kwetu huku, baada ya yaliyotupata, mtu mwenye adabu hamchimbi mwenzake katoka kwa nani. Alikuwa Mpimaji. Serikali ilimtuma kupima, akapima. Sokoni Kamembe, mji wetu wa mpakani Rwanda, walimwita hivyo mbele yake na nyuma yake, na yeye aliitika.

Na mimi nijitaje, ujue anayesema ni nani. Shule niliacha darasa la tatu. Nilianza na debe moja la maharagwe, leo nina maghala mawili na lori, na hakuna mjomba aliyenipa. Kwa hiyo nikisema mtu alikuwa na akili, sisemi kwa ajili ya vyeti. Yeye vyeti alikuwa navyo, tena vingi. Havikunitisha.

Ilikuwa miaka ile ya baada ya vita, mbao za vibanda bado mpya, watu wanarudi kutoka kila upande na kila mmoja anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Alikuja na sanduku la mawe ya mizani, mawe ya shaba, kila moja limefungwa kitambaa chake kama kitoto kichanga. Akakaa juu ya gunia langu bila kuomba. Akapima, akatoa, akapima tena. Akaagiza gunia liloweshwe maji, akapima hilo pia. Kisha akatoa waya na muhuri wa risasi akaifunga mizani yangu, akasema haifai.

Nilipiga kelele. Nilikuwa na nguvu wakati huo, na mdomo ulikuwa na nguvu kuliko mikono. Nilimwambia tangu niingie soko hili sijamwibia mtu hata kiganja cha maharagwe. Alinisubiri nimalize, kama unavyosubiri mvua ipite. Halafu akasema kwa sauti ile yake ya chini:

"Njo nasema, Papa. Haujaiba. Ni weye unaibiwa."

Mizani yangu ilikuwa inawapa wanunuzi zaidi ya wanacholipia, tangu siku niliyoinunua pengine. Mama muuza chumvi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi, niliyejihesabu mjanja kuliko wote Kamembe, nilikuwa nagawa maharagwe bure na kujisifu kwamba wateja wananipenda. Jioni nilimpelekea kuku kumshukuru. Alinirudisha mlangoni na kuku wangu kwapani. Alisema angekuta mizani inawaibia wao, angeifunga vilevile, na hapo je, ningeleta kuku?

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakukupa hata nafasi ya kumshukuru.

Wapimaji wengine waliomtangulia walikuwa wanatuita ofisini. Unabeba mizani yako, unaifuta vumbi, unaiweka kwenye meza safi, wanaipima, wanapiga muhuri. Yeye hakutaka. Alikuwa na neno lake: "Mezani, kila mizani iko na adabu." Alitaka kuipima pale inapofanyia kazi, chini ya turubai linalovuja, mikono ikiwa na unga, muuzaji akiwa na haraka na mteja akiwa na hasira. Alivaa viatu vya kiume vya kamba, akavipaka dawa kila asubuhi, hata siku ya kwenda kukanyaga matope ya mpunga Bugarama. Nilimwuliza mara moja faida ya kung'arisha viatu vinavyokwenda matopeni ni nini. Akasema ni ili ajue jioni amefika wapi.

Na aliimba. Alikulia ng'ambo, Bukavu, kama wengi wa kwetu waliorudi baada ya vita, na nyimbo zote za zamani za huko alikuwa nazo kichwani, za Kilingala, za mapenzi mengi na machozi mengi. Aliimba kwa puani akiwa kazini. Soko zima lilijua: Mpimaji akiimba, mizani yako ni nzima. Akinyamaza, jiandae.

Sasa usidhani alikuwa mtu wa kipimo katika kila kitu. Alipika bila kupima. Siku moja alitualika mimi na mke wangu, na maharagwe yake yalikuwa na chumvi ya kuweza kuhifadhi samaki. Mke wangu alikula kwa heshima, akanywa maji mpaka tunalala. Kituo cha afya alikataa kabisa kupanda kwenye mizani. Muuguzi akambembeleza, yeye akajibu kwamba mizani ile hajaipima. Misa alichelewa kila Jumapili, akagombana na katekista kwamba saa ya kanisa inakwenda mbele. Na parachichi za njiani alinunua kwa bei yoyote aliyotajiwa. Nilimwambia anatuharibia soko. Akasema kubishana anabishana kazini, akitoka anataka kupumzika kama watu wengine.

Miaka ikaenda, vitu vya kupimwa vikabadilika. Kutoka mizani ya soko akaenda pampu za mafuta, kutoka pampu akaenda vyombo vya kupimia damu hospitalini. Halafu zikaja mashine hizi zenye kufikiri, akili bandia wanaziita, zikaanza kuingia ofisi za serikali moja baada ya nyingine. Alikuwa amekaribia kustaafu. Lakini aliongea Kinyarwanda, Kiswahili cha ng'ambo, Kimashi na Kifaransa, na mtu wa namna hiyo hawakuwa naye mwingine huku kwetu. Wakampeleka Kigali kujifunza namna ya kuzipima. Akarudi na miwani na begi la kompyuta, viatu vilevile.

Nilimcheka. Nikamwuliza sasa atapimaje akili, kwa jiwe la kilo ngapi.

"Ni ileile," akasema. "Mizani, nilikuwa naweka kitu chenye nakijua, naangalia inasema nini. Nakijua kilo, naweka kilo. Sasa namujua muntu, naweka muntu."

Sikucheka tena, maana nilielewa. Na mimi nikielewa kitu mara moja, basi kimesemwa vizuri.

Ya kwanza aliyoipima ilikuwa sauti ya simu. Mkulima anapiga, anauliza habari ya ugonjwa wa mpunga, mashine inamjibu. Ofisini ilijibu vizuri sana. Yeye akaichukua mpaka Bugarama, akawakalisha wakulima kwenye tuta la shamba, Wakatoliki na Waislamu, akawaambia wapige kama wanavyopiga siku zote. Mzee mmoja mwenye kofia yake ya swala akashika simu, akaanza kusalimu. Akauliza habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, kama inavyotakiwa. Kabla hajafika kwenye mpunga, mashine ikamshukuru kwa kupiga, ikakata. Mzee akaiangalia simu, akasema huyo binti hakulelewa. Mpimaji akaandika hivyohivyo, na mafundi wakairekebisha ikawa inangoja. Yule mzee baadaye aliniuzia mchele, na akaniambia binti wa simu siku hizi ana adabu.

Lakini kilichonifanya nimwandike ni daraja.

Wewe usiyejua daraja la Rusizi Deux, elewa hivi. Upande huu ni sisi, ule ni Bukavu, katikati ni mto. Wafanyabiashara wadogo wanavuka asubuhi na kurudi jioni kwa ile karatasi ndogo tunayoiita jeton. Mimi napeleka maharagwe na mchele, na wabebaji wangu wengi ni akina mama wa ng'ambo. Mmoja wao ni Mama Faida, ananibebea tangu ghala langu likiwa la mabati matupu. Mzigo wanabeba mgongoni, na kamba pana inapita kwenye kipaji cha uso. Uzito wote unaning'inia pale. Mtu anatembea ameinama, uso chini, anaona vidole vyake vya miguu tu. Mama Faida ana alama ya kamba hiyo kwenye kipaji, imezama kama mtaro.

Vita vilikuwa vimerudi ng'ambo. Mabenki ya huko yalifungwa, mume wa Mama Faida hakuwa na kazi, nyumba nzima ilikula kile anachopata yeye kwa kuvuka. Na mpaka ulikuwa unafunguliwa na kufungwa bila taarifa. Asiyewahi saa za wazi alilala upande asio na nyumba, na kipindi kile usiku haukuwa wa kulala nje.

Basi serikali ikaleta mashine ya nyuso. Kamera kwenye nguzo. Unasimama, inalinganisha uso wako na picha ya kwenye kadi. Ikiwaka kijani, unapita bila foleni. Ikiwaka nyekundu, unakaa kando mpaka uhojiwe. Na yale madirisha ya makarani wa jeton yangefungwa, kwa kuwa kazi yao imekwisha. Mimi nilikuwa kwenye kamati ya wafanyabiashara na niliitaka mashine ile kuliko mtu yeyote. Magunia yangu yalikuwa yanachelewa kwenye foleni kila siku. Niliisemea mikutanoni.

Siku ya majaribio ikatangazwa. Watu wakaja. Na walikujaje? Wameoga. Nywele zimesukwa tangu jana yake, mafuta usoni, hereni, kitenge kimepigwa pasi. Hakuna aliyewaagiza. Kwetu hakuna mtu anayesimama mbele ya kamera ya serikali na nguo za kazi. Picha yako inaweza kubaki kule mpaka ufe na wajukuu waione. Mimi mwenyewe nilivaa koti. Ungetaka nivae nini?

Mashine ikawaka kijani, kijani, kijani. Watu wakapiga makofi. Mkuu wa mradi, bwana mmoja mnene aliyekuja na gari la serikali kutoka mbali, akatangaza kwamba Jumatatu inafunguliwa rasmi, mahema yameshaagizwa. Ilibaki tu Mpimaji aweke sahihi kabla ya Ijumaa kwisha.

Mpimaji hakuwa anaimba.

Alinisogelea akaniuliza, wale wabebaji wangu walikuwa wapi. Nikamwambia walikuwepo wote, huyo aliyepita mbele yake sasa hivi na hereni nyekundu si ndiye Mama Faida. Aligeuka, akamtazama yule mama anaondoka, mgongo umenyooka, kichwa juu. Akavua miwani.

"Papa, huyu mama namuonaka kila siku. Na leo sikumujua."

Akaifuta, kisha akasema:

"Basi na machine, haijamuona bado."

Ijumaa alfajiri alikuwa mlangoni pa ghala langu. Alitaka wabebaji, na mizigo, na nguo za kila siku, wavuke mbele ya ile kamera kama wanavyovuka siku zote. Nilimkatalia. Nilimwambia wazi, mimi sizungushi maneno: Mama, wewe unakwenda kutafuta kosa, utachelewesha Jumatatu, na mali yangu iko hapa inakaa. Hakukasirika. Aliniuliza tu:

"Kama iko sawa, lundi, hiyo Jumatatu yako, si itafunguliwa? Sasa unaogopa nini?"

Sipendi kuulizwa ninaogopa nini. Niliwaita wabebaji.

Mvua ilikuwa inanyesha, ile ya kwetu isiyo kali lakini haiachi. Walikwenda mmoja mmoja, mifuko ya plastiki juu ya mzigo, kamba kwenye vipaji. Wa kwanza, nyekundu. Wa pili akapita. Aliyefuata nyekundu, na aliyemfuata. Mama Faida akafika, akasimama, maji yanamchuruzika puani, akageuza shingo kadiri kamba ilivyomruhusu. Nyekundu.

"Ile machine inasema mi siko mi," alisema, bado ameinama.

Mwenzake wa nyuma akamtania: alikuja na dada yake siku ile, yule wa hereni. Foleni ikacheka. Mama Faida naye alicheka, lakini nilimwona mikono, imeshika kamba kama mtu anayeshika mlango usifunguke.

Mkuu wa mradi hakuwa mtu mbaya. Akatoa dawa yake: wabebaji wakifika, waweke mzigo chini kidogo, watoe kamba, wainue uso, basi. Ni jambo la dakika. Sisi hatukujua tuanzie wapi kumweleza. Mama Faida ndiye aliyejibu, akiiambia lami:

"Papa, nikiweka chini, nani atanipandisha?"

Mzigo ule unapandishwa na watu wawili. Wanaunyanyua ghalani, mbebaji anaingia chini yake, wanamfunga kamba, anainuka. Tangu hapo haushuki mpaka mwisho wa safari. Ukiushusha njiani umekuwa gunia barabarani na wewe umekuwa mama aliyesimama kando yake. Kwetu kila mtu anajua, na mkuu wa mradi hakuwa na sababu ya kujua. Na sisi, kwa kuwa tunajua, hakuna aliyewahi kuona kama ni jambo la kumwambia mtu.

Mpimaji hakumcheka wala hakumhubiria. Akasema tuipime na dawa hiyo. Mzigo wa Mama Faida ukashushwa. Alinyoosha uso, kamera ikawaka kijani, sawa. Halafu Mpimaji akaniangalia mimi na dereva wangu. Tukaingia matopeni, tukaunyanyua, dereva akateleza, tukaanza upya, mgongo wangu ukanikumbusha umri. Tulipomaliza, foleni ilikuwa imefika kwenye kona ya juu na askari wa mpaka walikuwa wanapiga filimbi.

"Hivyo, kwa kila mama," alisema. "Na mpaka inafungwa saa yoyote."

Mkuu akamvuta pembeni, karibu na kibanda cha walinzi. Masikio yangu ni mazima. Alimwambia wageni wamealikwa. Alimwambia mashine za namna hii zinajifunza zikiwa kazini, asaini sasa, marekebisho yatakuja. Alimkumbusha kwa upole kwamba karatasi zake za kustaafu ziko mezani kwake yeye mkuu, zinangoja. Mpimaji akasikiliza yote, mikono nyuma.

"Wakati inajifunza," akamwuliza, "mwenye atalala mbali na kwake ni nani? Ni weye?"

Mpimaji akatoa kalamu. Akaandika kwamba haijafaulu, akaweka sahihi hapo chini ya hilo, mvua ikidondokea karatasi, na akaenda zake kwa miguu hadi juu kutafuta pikipiki ya kumrudisha Kamembe. Mahema yalikuja Jumatatu yakarudishwa. Wapo waliosema amezeeka, amekuwa mkaidi. Na mimi nilisema. Nilisema kwa sauti, kwenye kamati.

Aliyefurahi ni fundi wa mashine, mtu mpole aliyeletwa pamoja nayo. Alimfuata Mpimaji mpaka ghalani kwangu, maana ofisi yake ilikuwa inavuja. Akamwambia walikuwa wameomba nyuso, wakaletewa nyuso. Hakuna aliyewaambia kwamba uso wa darajani unatazama chini. Wakafanya kazi pamoja, kwa wiki kadhaa, juu ya magunia yangu, wakinywa chai yangu. Kamera ikashushwa usawa wa mtu aliyeinama. Wabebaji wakapigwa picha upya, na kamba, na jasho, na mvua, na kitambaa cha kichwa. Mama Faida alilalamika kwamba sasa serikali itakuwa na picha yake mbaya milele. Mpimaji akamwambia hiyo ndiyo picha inayolisha watoto, ile ya hereni aitundike sebuleni.

Lakini hata mashine ilipokuwa inawatambua karibu wote, bado alikataa kusaini bila sharti moja. Dirisha la karani libaki. Mashine iwe na ruhusa ya kusema ndiyo, peke yake. Ikitaka kusema hapana, isiseme. Iwashe nyekundu ya kumwita mtu, mtu atoke dirishani, mwenye jina lake kifuani, amtazame aliyesimama, na yeye ndiye aseme. Mkuu aliuliza, kama ni hivyo mashine ni ya nini. Akajibiwa: ni ili huyo mtu apate nafasi ya kutazama.

Nilimpinga hapo, tukiwa wawili ghalani. Nilimwambia watu nao ni wabaya. Nimewaona. Mashine angalau haili rushwa.

Ndipo aliponisimulia, mara moja tu katika miaka yote. Wakati wa vita vya kwanza kule ng'ambo, alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Kijana mwenye bunduki alikuwa anasoma nyuso: wewe pita, wewe kando. Akamwangalia pua, akamwangalia shingo, akamwambia kando. Kando ilikuwa na watu wamekaa chini tayari. Nyuma yake kwenye mstari kulikuwa na mama jirani, Mshi, wa kabila la hukohuko, muuza ndizi, si rafiki sana, walishawahi kununiana kwa ajili ya maji ya bomba. Yule mama akatoka kwenye mstari, akamshika mkono, akamfokea yule kijana kwamba huyu ni wifi yake, mke wa kaka yake, ana mtoto anamngoja nyumbani, amekuwa kipofu au nini. Akamvuta, wakatembea. Hawakukimbia.

Nikamwambia, unaona, aliyekuweka kando alikuwa mtu.

"Ndiyo," akasema. "Na hakukuwa na jina kifuani kwake. Njo maana naomba jina."

Nikamwongezea chai.

Sharti likakubaliwa, kwa kuchoka au kwa kuelewa, sijui. Mashine ikafunguliwa bila mahema. Yeye akastaafu, wakampa soda ofisini na hotuba fupi, akahamia Gikundamvura kulima. Nilimtumia mbegu za maharagwe. Alinijibu kwa simu kwamba mfuko umepungua kidogo kuliko nilivyoandika juu yake. Niliupima upya, mwingine kama ule. Alikuwa sahihi, na sikumwambia.

Mara ya mwisho nilimwona pale darajani, msimu huu wa mvua uliopita. Nilikuwa navuka kufuata mteja. Nikamwona mbele, amepungua mwili, fimbo mkononi, viatu vile vya kamba vimeng'aa. Alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa jicho, bandeji kubwa imefunika nusu ya uso. Nilimwuliza anakwenda wapi na hali hiyo. Akasema anakwenda kumwona wifi, yule muuza ndizi, ni mgonjwa. Wifi, ndivyo anavyomwita mpaka leo.

Zamu yake ikafika. Akasimama mbele ya kamera yake. Ndiyo, yake, nani mwingine. Mashine ikafikiri, ikafikiri tena. Nyekundu.

Foleni ikanyoosha shingo, maana wengi walimjua. Nilijiandaa kumwona anaaibika, na nilishaanza kukasirika kwa niaba yake. Mlango wa pembeni ukafunguka, akatoka karani, msichana nadhifu, jina lake kifuani. Alipomwona akacheka.

"Ah, Maman, pita tu. Nani hakujui hapa?"

Mpimaji hakusogea.

"Hapana, mwanangu. Usinijue. Niangalie."

Yule msichana akaacha kucheka. Akachukua kadi, akaitazama, akamtazama yeye. Akamwomba ainue bandeji pembeni kidogo, akamsaidia kwa vidole viwili, polepole. Akauliza anakwenda kwa nani, akaambiwa kwa wifi yake, akauliza mtaa, akatajiwa. Akatazama tena, jicho moja kwa macho mawili. Kisha akasema kwa sauti ya kazi kwamba ndiye, apite. Mpimaji akasoma lile jina kifuani, akalitamka taratibu na kumshukuru nalo.

Alikuwa bado anarudisha kadi mfukoni wakati kamera ilipowaka kijani nyuma yake. Ni Mama Faida, ameinama chini ya mzigo, mwendo wake haukukatika hata hatua.

"Maman, unazuia njia," alisema, bila kuinua uso.

Mpimaji akajibana pembeni, kwenye ukingo, akampisha. Mimi nilisimama na koti langu mbele ya mashine, ikaniwashia kijani papo hapo. Nilipotoka alikuwa ameshafika katikati ya daraja, nyuma ya ule mzigo, fimbo inagonga mbao, maji ya mto yanapiga kelele chini yake. Lakini nimeshasema masikio yangu ni mazima. Alikuwa anaimba.